Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Katika lugha yetu neno "muungwana" lina maana mbili. Maana ya kwanza ni mtu aliyezaliwa katika ukoo bora, asiye mtumwa wala mtwana wa mtu. Maana ya pili ni mtu mwenye mwenendo mwema, hata kama baba yake alikuwa mkulima wa jembe la mkono. Wazee wetu waliona kwamba maana hizi mbili hazikai nyumba moja siku zote, wakakata shauri kwa maneno machache: Uungwana ni vitendo.

Leo nataka tuipime methali hiyo kwa maisha ya mtu mmoja. Alikuwa muungwana kwa maana ile ya kwanza, tena ofisa wa jeshi mwenye sifa kubwa, na nyayo zake zilipita katika nchi yetu kutoka Tanga mpaka Ruvuma. Jina lake ni Paul von Lettow-Vorbeck, Mjerumani. Vitabu vingi vimemsifu kuwa ndiye jemadari ambaye hakushindwa katika Afrika ya Mashariki. Swali langu si kama sifa hiyo ni ya kweli katika mambo ya vita. Swali ni hili: mtu akiifanya kazi yake kwa ushujaa na akili nyingi, lakini gharama yake ikalipwa na watu ambao hawakuulizwa, je, twaweza kumwita mtu mkuu?

Swali hili si la wanajeshi peke yao. Kila mwenye kuamuru watu, awe mkubwa wa ofisi, mzee wa kanisa, mwalimu mkuu au baba nyumbani, atakutana nalo siku moja.

MAISHA YAKE

Lettow-Vorbeck alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 katika mji wa Saarlouis. Ukoo wake ulikuwa wa makabaila wa Pomerania, na lile neno "von" katika jina lake ndilo alama ya ukoo wa namna hiyo. Baba yake alikuwa jenerali. Mtoto naye akapelekwa mapema katika shule za makadeti, Potsdam na Lichterfelde, akakua akifundishwa kuamuru na kutii. Katika jamaa kama ile, utumishi wa jeshi ulikuwa kama urithi wa shamba: mtoto aliukuta ukimngoja.

Mwaka 1900 alipelekwa China pamoja na majeshi ya Ulaya yaliyokwenda kuzima uasi wa Mabondia. Mwaka 1904 akapelekwa Afrika ya Kusini Magharibi, nchi ambayo leo yaitwa Namibia. Huko alikuwa katika maofisa wa makao ya Jenerali Lothar von Trotha. Huyu ndiye aliyetoa amri, Oktoba 1904, kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya Wajerumani apigwe risasi. Makumi ya maelfu ya Waherero walikufa, wengi wao kwa kiu katika jangwa la Omaheke. Mwaka 1906, katika kupigana na Wanama, Lettow-Vorbeck alijeruhiwa jicho la kushoto.

Januari 1914 alishuka Dar es Salaam akiwa luteni kanali, kamanda mpya wa jeshi la koloni. Miezi michache baadaye vita vikazuka Ulaya. Hapo ndipo habari zake zinapoungana na habari zetu.

Gavana wa koloni, Heinrich Schnee, hakutaka vita. Mkataba uliofanywa Berlin mwaka 1885 ulikuwa umeacha mlango wazi, ili makoloni ya sehemu hii ya Afrika yaweze kukaa nje ya ugomvi wa Ulaya, na Schnee alitumaini kupita katika mlango huo. Haki yatutaka tuseme kwamba Waingereza nao hawakungoja kuitwa. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari yao iliupiga mizinga mji wa Dar es Salaam. Hata hivyo kamanda alikuwa na shauri lake tangu mwanzo. Aliona kwamba vita vitaamuliwa Ulaya, na kwamba koloni haliwezi kuokolewa. Lakini kama angewasumbua Waingereza huku bila kukoma, wangelazimika kuleta huku askari, meli, fedha na silaha ambazo zingetumika Ufaransa. Basi nchi nzima ikawa kama mwiba wa kumchoma adui mguuni, ili apunguze mwendo mahali pengine.

Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India. Lettow-Vorbeck alikuwa na watu 1,000 hivi. Aliwapiga, wakarudi melini, wakiacha nyuma silaha nyingi. Watu wa Tanga walisimulia miaka mingi jinsi nyuki walivyotoka mizingani wakawashambulia wapiganaji. Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika ya Kusini alikuja na jeshi kubwa zaidi. Mwezi wa Septemba mwaka huo Dar es Salaam ilianguka mikononi mwa Waingereza, na Tabora mikononi mwa Wabelgiji. Lettow-Vorbeck hakusalimu amri. Alirudi nyuma mpaka Rufiji, kisha kusini zaidi. Oktoba 1917 alipigana Mahiwa, katika nchi ya Lindi, vita vikali kuliko vyote. Novemba akavuka Ruvuma kuingia koloni la Wareno. Akazunguka huko miezi kumi hivi, akarudi tena upande wetu Septemba 1918, akapita akaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Huko ndiko alikopata habari kwamba vita vya Ulaya vimekwisha. Tarehe 25 Novemba 1918 aliweka silaha chini mjini Abercorn, ambao sasa waitwa Mbala. Ulaya ilikuwa imekaa kimya siku kumi na nne.

Machi 1919 aliingia Berlin juu ya farasi, akiongoza maofisa wake, watu wakimshangilia. Mwaka 1920 aliunga mkono maofisa na wanasiasa waliojaribu kuipindua serikali mpya ya Ujerumani, akaondolewa jeshini. Tangu 1928 mpaka 1930 alikuwa mjumbe wa Bunge. Hitler alipotawala alimpa nafasi ya kuwa balozi London, naye akaikataa. Wana wake wawili walikufa katika Vita Kuu ya Pili. Yeye mwenyewe alikufa Hamburg tarehe 9 Machi 1964, akiwa na miaka karibu 94.

SIFA ZAKE

Kabla ya kumhukumu mtu, mpe haki yake. Lettow-Vorbeck hakuwa mwoga. Hakukaa katika nyumba ya mawe na kuwatuma wengine porini. Alitembea kwa miguu, alilala chini, aliugua malaria mara nyingi, alikula walichokula askari. Alijifunza Kiswahili. Askari wake wengi, Wanyamwezi, Wasukuma na wengine, walikaa naye mpaka siku ya mwisho, ingawa wengine walitoroka njiani. Mtu hafuatwi miaka minne kwa hofu peke yake.

Adui zake pia walimheshimu. Mwaka 1929 alialikwa London kwa karamu ya maofisa waliopigana naye, na Smuts alikuwapo. Wengi wameisimulia habari hii kwa furaha, kama mfano wa uungwana: watu waliowindana porini, sasa wanashikana mikono. Nami sisemi kwamba ni vibaya adui kupatana. Lakini tazama vizuri walioketi pale. Walikuwa maofisa na maofisa. Wapagazi hawakuwa na karamu.

WALIOCHUKUA MZIGO

Vita hivi havikupiganwa kwa magari. Reli zilikuwa mbili tu, moja ya kwenda Moshi na moja ya kwenda Kigoma, na barabara zilikuwa njia za miguu. Farasi na maksai walikufa kwa maelfu kwa kuumwa na mbung'o. Basi kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa na kila kipande cha mzinga kilipita juu ya kichwa cha mtu.

Hapa ipo hesabu moja ambayo kila mtu aweza kuifanya. Mpagazi mmoja achukua kilo 25 hivi. Naye ni mtu, hula kila siku. Akila kilo moja ya unga kwa siku, safari ya siku kumi na mbili kwenda na siku kumi na mbili kurudi yamaliza karibu mzigo wote aliouchukua. Kinachomfikia askari aliye mbele ni kilo moja hivi tu. Kwa hiyo jeshi likisogea mbali, lazima wawepo wapagazi wa kuwalisha wapagazi. Au wapagazi wapunguziwe chakula. Au chakula kitwaliwe kwa wenyeji njiani. Majeshi yote mawili yalifanya mambo haya yote matatu.

Upande wa Waingereza, watu wapatao milioni moja walitumika kuchukua mizigo katika miaka ile. Mwaka 1917 huko Kenya wanaume walisakwa wilaya kwa wilaya. Waliokufa hukadiriwa kuwa 100,000 hivi, na wengine husema ni zaidi. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Watu waliozoea ndizi au wali walipewa unga wa mahindi, nao hawakuwa na muda wala sufuria za kuupika ukaiva, na matumbo yao yakaharibika njiani. Fedha za wengi waliokufa hazikuwafikia jamaa zao.

Upande wa Lettow-Vorbeck, hesabu kamili ya wapagazi waliokufa haikuwekwa. Jambo hilo lenyewe latosha kutufundisha. Maofisa waliokufa twawajua kwa majina na vyeo. Lakini mtu aliyekamatwa shambani kwake, akatwishwa sanduku la risasi, akaanguka siku ya ishirini kando ya njia, huyo hakuandikwa katika daftari la mtu yeyote.

Na nyuma ya wapagazi kulikuwa na vijiji. Ludwig Deppe, daktari Mjerumani aliyetembea na jeshi hilo, aliandika baadaye kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa na maghala yaliyoporwa, na kwamba mbele ya watu wa nchi ile ilibaki njaa. Haya si maneno ya adui. Ni ya mtu wa jeshi lile lile. Huko kusini watu walikuwa hawajasahau njaa ya wakati wa Maji Maji, 1905 mpaka 1907, Wajerumani walipochoma vyakula makusudi ili kuwavunja watu nguvu. Kijana aliyeponea njaa ile aliikuta nyingine akiwa mtu mzima.

Ugogo yalipita majeshi yote mawili. Wote wawili walitwaa ng'ombe, wote wawili walitwaa nafaka, wote wawili walitwaa wanaume. Kisha mvua zikakosa. Katika njaa iliyofuata, tangu 1917 mpaka 1920, inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa katika watu 150,000 wa nchi ile, yaani mmoja katika kila watano. Na mwishoni mwa vita ukaja ugonjwa wa mafua makali wa 1918, ukawakuta watu waliokwisha dhoofika.

MASHAURI YA KUMTETEA

Mtu aweza kusema: vita ni vita, na wapiganapo tembo nyasi huumia. Methali hii ni ya kweli, lakini mara nyingine yatumika vibaya. Tembo wanapopigana hawazioni nyasi. Ofisa aliwaona wapagazi kila siku. Aliwahesabu asubuhi ili ajue mizigo mingapi itaondoka. Tena nyasi huumia kwa bahati mbaya, lakini wapagazi hawakuumia kwa bahati mbaya. Bila wao jeshi lisingetembea hata siku moja.

Mwingine atasema: alikuwa akitimiza wajibu wake. Alikula kiapo kwa Kaizari, naye alikitimiza. Shauri hili ni zito, kwa maana mtu asiyetimiza wajibu ni mzigo kwa wenzake. Lakini tuangalie mambo yalivyokuwa. Gavana, mkubwa wake katika koloni, aliona njia nyingine. Na hata kama njia ile ilizibwa na mizinga ya Waingereza mwaka 1914, ilifunguka tena. Septemba 1916 reli yote ya kati ilikuwa imekwenda, Dar es Salaam imekwenda, Tabora imekwenda. Hakuna ambaye angemwita mwoga kama angeweka silaha chini siku hiyo. Mara ya tatu ni Novemba 1917, ukingoni mwa Ruvuma. Yeye mwenyewe alijua kwamba koloni haliwezi kuokolewa. Shauri lake lote lilijengwa juu ya jambo hilo. Aliendelea mwaka mmoja zaidi kwa ajili ya faida ya Ulaya. Wajibu wake kwa Kaizari ulikuwa umeandikwa. Wajibu wake kwa mtu wa Masasi au wa Songea, ambaye Ujerumani ilidai kumtawala na kumlinda, ulikuwa wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Simlaumu Lettow-Vorbeck kwa kuwa mkatili kupita wengine. Trotha alikuwa mkatili kuliko yeye. Kosa lake ni jingine, nalo ni la kawaida zaidi, kwa hiyo ni la hatari zaidi kwetu. Alikuwa na mizani nzuri, lakini kuna watu ambao hakuwatia katika mizani. Alipopima kama vita viendelee, upande mmoja aliweka faida ya Ujerumani, upande wa pili aliweka risasi, dawa, maofisa na askari waliobaki. Wapagazi na wenye vijiji hakuwaweka upande wowote. Kwake walikuwa kama mvua au jua: vitu vya kufikiriwa katika safari, si watu wa kuulizwa. Mtu aweza kuwa mwaminifu, jasiri, mwenye kujinyima, asiyependa fedha, na hata hivyo akafanya uharibifu mkubwa, kwa sababu hesabu yake ilikuwa fupi.

Wala wasijivune walioshinda. Waingereza walikuwa na shauri la kumfuata kila alikokwenda, nao walilitimiza kwa vichwa vya watu wengi zaidi. Huko Dar es Salaam ipo sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, imeshika bunduki yenye singe. Maandishi yake yanawakumbuka wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake. Wapagazi wana ukumbusho mwingine, na kila siku maelfu ya watu hulitaja jina lake bila kufikiri: Kariakoo, mahali palipokuwa kambi ya kikosi cha wachukuzi.

Hata malipo yalikuja kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa wazee waliokuwa askari wake na ambao walikuwa bado hai. Lilikuwa jambo jema, ingawa lilichelewa miaka 46. Lakini malipo hayo yalikuwa ya askari.

MTU MWINGINE KATIKA VITA VILE VILE

Ili tusidhani kwamba watu wa zamani wote waliona hivyo, natoa mfano wa mtu wa Kanisa letu. Frank Weston alikuwa Askofu wa Zanzibar tangu 1908 mpaka alipokufa mwaka 1924. Vita vilipoanza, wamisionari wa UMCA waliokuwa bara walifungwa na Wajerumani, na walimu wa Kiafrika wa misheni waliteswa sana kwa kushukiwa kuwa upande wa Waingereza. Mwaka 1916 Askofu aliwakusanya wapagazi wa Zanzibar, akapewa cheo cha meja, akavuka nao mpaka bara, akatembea nao.

Simfanyi kuwa malaika. Yeye naye alipeleka watu katika vita ambavyo havikuwa vyao, na mtu aweza kumwuliza swali lile lile. Lakini tazama mambo mawili. Kwanza, aliutazama mzigo kwa karibu: njia waliyopita wapagazi ndiyo aliyopita yeye, na jina la kikosi kile lilikuwa jina la watu aliowajua. Pili, vita vilipokwisha hakunyamaza kwa kuwa upande wake umeshinda. Mwaka 1918 aliandika kijitabu kuwashitaki Wajerumani kwa jinsi walivyowatendea Waafrika. Hilo lilikuwa rahisi, maana Waingereza walipenda kulisikia. Lakini mwaka 1920 aliandika kingine, kuishitaki serikali ya Uingereza yenyewe, kwa ajili ya kazi za kulazimishwa huko Kenya. Hilo halikuwa rahisi. Mizani aliyoitumia kumpimia adui aliitumia kumpimia ndugu.

MIZANI YETU

Biblia nayo ina habari ya mkubwa wa jeshi na watu wake, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 23. Daudi alikuwa amejificha pangoni, na Wafilisti walikuwa wameushika mji wa Bethlehemu. Akatamani maji ya kisima cha kwao. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya adui, wakayateka, wakamletea. Daudi hakuyanywa. Aliyamwaga mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani yake damu ya watu waliojihatarisha. Hakuwaambia asante tu na kunywa. Hakusema kwamba maji yamekwisha kuletwa, basi yasipotee. Aliona kwamba kuna vitu ambavyo bei yake ni kubwa kiasi kwamba mwenye kuletewa hana haki ya kuvifurahia. Na wale watatu walikuwa wamekwenda kwa hiari yao! Sembuse maji yaliyoletwa na mtu aliyefungwa kamba.

Ndugu zangu, wengi wetu hatutaongoza jeshi. Lakini kila mmoja ana mahali ambapo tamaa yake huchukuliwa juu ya kichwa cha mwingine. Baba asema nyumba yake ina nidhamu na wageni hawakosi chakula. Ni nani aliyeamka alfajiri kuteka maji? Kamati yasema sherehe ilifana. Kina mama waliopika walikula saa ngapi? Mkubwa asifiwa kwa kumaliza jengo kabla ya muda; vibarua waliobeba zege wamelipwa? Katika mambo haya hatufanyi ukatili. Twasahau kuhesabu tu. Na mzigo wa mwenzio, kama walivyosema wazee, ni kanda la usufi: ukiutazama kutoka mbali waona ni mwepesi.

Kwa hiyo mkisifu mtu, msifuni, lakini mwulizeni maneno matatu. Nani alilipa? Je, aliulizwa? Na wewe, wamjua jina lake? Kiongozi awezaye kuyajibu bila kutazama chini, huyo ni muungwana, hata kama alizaliwa katika kibanda. Asiyeweza, ukoo wake haumsaidii kitu, wala farasi wake, wala karamu ya waliokuwa adui zake.

Katika miaka ya karibuni miji kadhaa ya Ujerumani imeondoa jina la Lettow-Vorbeck katika mitaa na kambi. Wajukuu wa taifa lake wameanza kuipima hesabu upya. Lakini Ugogo hawakungoja mpaka wakati huo. Wao wana desturi ya kuipa njaa kubwa jina lake, ili watoto wajue wazazi wao walipita wapi. Miaka ile, ambayo vitabu vya Ulaya viliiita miaka ya jemadari asiyeshindwa, wao hawakuiita kwa jina la jemadari yeyote, Mjerumani wala Mwingereza. Waliiita Mtunya, nao walijua ni nani aliyekosekana katika kila nyumba.